Redio Zilizokufa za Kikima

Baba alifunga duka lake la kutengeneza redio siku aliposhindwa kuiona ncha ya waya. Hakulifunga kwa hasira. Alinipigia simu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya maharagwe, kwamba asubuhi hiyo alikuwa ameunguza kidole mara tatu kwa chuma cha kulehemu, na kwamba mikono bado inaijua kazi lakini macho yamegoma.

"Uje utoe vitu vilivyo stoo," akasema. "Mwenye nyumba anataka kuweka mahindi."

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja mjini Kitui. Kikima, nilikozaliwa, iko juu kwenye milima ya Mbooni, upande wa Makueni, na duka la baba lilikuwa pale sokoni tangu kabla sijajua kutembea. Nilingoja likizo ya Aprili, nikapanda.

Nilidhani naijua stoo ile. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitumwa humo kuleta bisibisi. Lakini sikuwa nimeingia kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo baba hakuwa ametupa kitu hata kimoja. Televisheni za zamani, zile zenye kisogo kirefu, zilikuwa zimepangwa hadi zinagusa mabati. Redio zilijaza rafu mbili nzima. Kulikuwa na chaja zilizofungwa pamoja kama matita ya kuni, taa za sola zisizowaka, na makopo ya mafuta ya kupikia yaliyojaa simu. Watu walikuwa wameleta vitu hivi vitengenezwe, wakaambiwa haviwezekani, wakaviacha. Baba aliviweka. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Kitu cha mtu hutupi."

Nilianza na vilivyokuwa vyepesi. Nilijaza gunia dogo betri za simu na taa za sola nikarudi nalo Kitui. Sikuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu nilijua la kufanya. Kwa miaka tisa nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia kwamba taka isiyooza huchomwa, na isiyoungua huzikwa, na kwamba chuma kikikaa ardhini hatimaye huwa udongo. Nilikuwa hata na mchoro wangu wa ubaoni, wenye mishale.

Shule ilikuwa tupu isipokuwa mpishi, mama wa makamo ambaye hubaki likizo kulinda jikoni. Nilimwaga nusu ya gunia kwenye shimo la takataka, nikaongeza mabua makavu, nikawasha. Mpishi alisimama karibu nami akipiga gumzo. Kwanza tulisikia mlio mdogo, kama mahindi ya bisi. Kisha mwingine, mkubwa. Halafu shimo likalipuka. Ndimi za moto mweupe zilitoka zikipiga mluzi, na betri moja ikaruka juu ya vichwa vyetu, ikapita ua, ikatua kwenye shuka la mpishi lililokuwa limeanikwa, ikalitoboa katikati na kuendelea kuwaka kwenye nyasi. Moshi ulikuwa na harufu tamu ambayo ilinikwaruza koo hadi jioni.

Nilipogeuka, mpishi alikuwa amelala kifudifudi chini, mikono kichwani.

"Mwalimu," akaniuliza kutoka pale chini, "umeleta nini hapa? Hii ni bomu?"

Cheti changu cha ualimu kilikuwa kimetundikwa ofisini, hatua chache kutoka pale. Tulizima moto kwa mchanga. Nilimwahidi shuka jingine. Alikung'uta magoti yake, akaniambia kwamba nyuma ya soko kuna mama mmoja kutoka kaskazini anayechukua vitu vya aina hiyo.

"Wanasema anatoa dhahabu kwa simu," akaongeza. "Ndiyo maana hataki mtu aingie kwake."

Kesho yake nilikwenda, nikiwa na nusu ya gunia iliyobaki. Nilikuwa na picha yangu ya mahali pale: moshi mweusi, mapipa yanayochemka, waya zinazoungua. Hivyo ndivyo nilivyodhani vyuma vya umeme hurudishwa kazini. Nilikuta ua wa mabati, sakafu ya saruji iliyofagiwa, na mama mmoja mrefu mwenye buibui nyeusi na glavu nene, ameketi kwenye kigoda akichuna waya kwa kisu. Aliushika waya kwa vidole vya mguu, akapitisha kisu mara moja kutoka juu hadi chini, na ngozi ya plastiki ikafunguka, shaba ikatoka inang'aa. Hapakuwa na moto popote.

"Habari yako, Mama," nikasema.

"Nzuri. Karibu, kaa."

Nilimwonyesha gunia. "Nimekuletea uyeyushe."

Alicheka hadi akaweka kisu chini. "Mimi siyeyushi kitu. Hata jiko la chai hapa sina."

Kwake hakuna mtu aliyekatazwa kuingia. Hawakuwa wakija tu. Aliniambia alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, akiwaleta kutoka kaskazini hadi masoko ya Ukambani, mpaka ukame mmoja ulipomaliza mbuzi wote na yeye akabaki Kitui na kamba mkononi. Alianza kuokota vyuma kwa sababu vyuma havinywi maji.

"Mbuzi ukimchinja hutupi kitu," akasema. "Ngozi ina mtu wake, utumbo una mtu wake, kwato zina mtu wake. Na hii ni hivyo hivyo. Kazi yangu ni kuchuna tu. Kila kitu na ndoo yake. Halafu lori linapeleka Nairobi, kwa wale wako na mashine."

Ukutani palikuwa na ndoo nyingi, na kwa kuwa hakusoma shule, hakuwa ameziandika. Juu ya kila ndoo alining'iniza kipande kimoja cha kile kilichomo: kipande cha shaba, kipande cha alumini, sumaku, kipande cha plastiki nyeupe, kingine cheusi. Betri zilikuwa mbali na vingine vyote, kwenye mchanga mkavu, kila moja imezibwa ncha zake kwa utepe. Nilizitazama nikakumbuka shuka la mpishi. Nikamweleza yaliyotokea. Hakucheka.

"Mungu amekupenda," akasema. "Betri ya simu usichome, usitoboe, usitupe na taka za jikoni. Ikivimba, iweke mchanga, uite mtu."

Nilitaka kuuliza juu ya dhahabu lakini niliona haya. Labda alilisoma swali usoni, maana kila anayekuja huwa nalo. Alileta kipande cha ubao wa kijani kutoka kwenye kompyuta, chenye meno ya manjano ukingoni, na lenzi ya kushika mkononi kama ya wazee wa kusoma Biblia.

"Angalia."

Nimekuwa nikitazama vitu kwa lenzi maisha yangu yote ya kazi: mbawa za nzi, chembe za chumvi. Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Mistari ya shaba ilikwenda sambamba, mingi, myembamba, ikifika kwenye kizuizi inapinda yote kwa pamoja, kisha inanyooka tena, kama matuta ya mashamba ya Mbooni yanavyozunguka tumbo la mlima bila kugusana. Kila mstari ulikuwa na mahali unapotoka na mahali unapokwenda. Hapakuwa na hata mmoja uliopotea njia. Nilisahau kwamba nilikuwa na mwenzangu. Kitu hiki kilikuwa kimelala kwenye gunia la takataka, na mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amelima matuta hayo yote ndani ya nafasi ya kiganja.

"Dhahabu ni ile rangi ya meno," akasema polepole. "Ni rangi tu. Nyembamba kuliko moshi. Ukitaka pete moja, utavunja kompyuta hadi ndevu za mume wako ziwe nyeupe."

"Lakini wanasema asidi inaitoa."

Aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza alidanganywa na mtu aliyemuuzia asidi. Aliitumia ndani ya chumba kilichofungwa. Mwishowe alikuwa na ndoo ya uchafu mweusi asiojua aumwage wapi, na kikohozi kilichokaa kifuani mwake hadi mvua mbili zikapita. "Dhahabu iko. Si uongo," akasema. "Lakini si yangu kuitoa. Kuna watu wamejenga kiwanda kizima kwa ajili ya huo moshi mmoja."

Kabla sijaondoka aliona simu yangu ya zamani ndani ya gunia. Ilikuwa imekufa baada ya kuanguka kwenye sinki, na nilikuwa nimeitupa humo bila kufikiri. Aliifungua, akaibandikia kioo kingine kutoka kwenye boksi lake, akaiunganisha na umeme. Ikawaka. Ujumbe wangu wote ulikuwemo. Picha zangu, namba zangu, barua ya daktari niliyokuwa nimeipiga picha na ambayo sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote.

Aligeuza uso wake ukutani mara moja, ili asione.

"Kioo ndicho kilikufa," akasema akiwa bado ametazama ukuta. "Watu wanafikiri kioo kikifa simu imekufa. Wananiletea siri zao kwa gunia, Mwalimu. Mimi najifunza kutotazama."

Nilizima simu nikaitia mfukoni. Kisha nikamweleza juu ya stoo ya baba.

Wiki iliyofuata tulipanda Mbooni kwa pikapu aliyokodi. Alibeba glavu, bisibisi, mablanketi ya kufungia vioo, na mkeka wa kuswalia. Nilikuwa nimemwambia baba nitakuja na mtu wa kusaidia, lakini sikumwambia ni nani, na nilipoona anavyotupokea nilijua nilikosea. Alisimama mlangoni mwa stoo, mkono juu ya komeo.

"Huyu anatafuta zebaki," akaniambia kwa Kikamba.

Baba alikuwa na sababu. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakizunguka vijijini wakisema kwamba ndani ya redio na televisheni za zamani kuna zebaki nyekundu, na kwamba tone lake moja linaweza kumjengea mtu nyumba. Hakuna anayemjua mtu aliyewahi kuiona, lakini kila mtu anajua dalili zake: haionekani kwenye kioo, na hukimbia kitunguu saumu. Wanaume wawili walikuwa wameingia dukani mwa baba na punje ya kitunguu saumu wakiipitisha mbele ya televisheni zake kama watu wanaopima homa. Mmoja alivunja shingo ya kioo cha televisheni kwa haraka yake. Kioo kililipuka kwa ndani kikatapika vipande hadi barabarani.

Mgeni wangu hakuelewa Kikamba, lakini neno zebaki alilisikia. Alivua viatu, akaketi pale pale kizingitini kama mtu aliyekuja kukaa, akaelekeza kidole kwenye televisheni iliyokuwa karibu.

"Mzee," akasema, "hii ilikuwa inafanyaje kazi?"

Baba aliigeukia televisheni. Kisha, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akaanza kumweleza. Alisema huku nyuma kwenye shingo kuna mtambo mdogo unaorusha miali, na koili hii ya shaba inaivuta miali hiyo kushoto na kulia, juu na chini, upesi hivi kwamba jicho linadanganyika na kuona picha moja. Alipokuwa akisema, mkono ulitoka kwenye komeo.

"Sikujua," mama akasema. "Nimechuna hizi nyingi sana, sijawahi kujua. Mimi najua hiki kioo kina risasi ndani yake, kile chuma kizito chenye sumu, na huu unga kwa ndani ukiuvuta unakuua pole pole. Ndiyo maana sivunji. Ndani hakuna hewa. Ukipasua, hewa inaingia kwa hasira."

Baba aligeuza kichwa. "Kioo kina risasi?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo nimeshika hizi, sikujua ni nini ndani ya kioo."

Hivyo ndivyo siku tatu zile zilivyoanza. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza walimu wenzangu nilichokiona, na huwa nashindwa. Baba alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Mama yule hakusoma kabisa. Baba alijua kila kipande kilifanya kazi gani kilipokuwa hai. Mama alijua kila kipande kimetokana na nini na kinapaswa kwenda wapi kinapokufa. Walikaa kwenye vigoda viwili, magoti yakikaribia kugusana, wakipokezana vipande. Baba alikuwa akitambua kwa vidole. Aliposhika kitu alisema, "Hii inatunza umeme kidogo kisha inauachilia," naye alijibu, "Hii ina alumini na karatasi na maji machafu, iweke kando." Mimi, mwenye cheti, nilikuwa mtu wa kubeba ndoo. Nilibeba kwa furaha.

Niliwauliza mara moja kama hatungeokoa muda kwa kuchukua shaba tu na kuacha mengine. Baba alitaka kunijibu lakini mama alimtangulia.

"Shaba kila mtu anaitaka," akasema. "Kioo hiki hakuna anayekitaka, na kukipeleka ni shida tupu. Lakini ukichukua shaba ukaacha kioo, hujasafisha. Umeiba tu."

Siku ya pili mchana alifungua transfoma ndogo kutoka kwenye redio, kitu cha kutoshea ndani ya ngumi. Waya wake ulikuwa mwembamba kama unywele. Alitaka kuutupa kwenye ndoo pamoja na shaba nyingine, baba akamzuia.

"Unajua ni mrefu kiasi gani?"

"Ni kiganja kimoja."

Baba aliingiza kijiti katikati ya koili, akanipa ncha ya waya. "Tembea," akaniambia.

Nilitembea. Nilitoka mlangoni, nikapita kinyozi, nikapita wauza nyanya. Nyuma yangu nilihisi koili ikizunguka kwenye kijiti mikononi mwa baba, mvuto mdogo tu, kama samaki mchanga. Waya haukuonekana isipokuwa jua lilipoupiga, na hapo ulionekana kama mstari wa moto uliochorwa hewani. Watu walianza kusimama. Mwenye mkokoteni alishusha mikono akangoja. Wauza nyanya waliinama kupita chini yake kwa adabu. Ulikatika mara mbili, na mara zote mbili mama alikuja akafunga fundo kwa vidole vyake virefu bila kusema neno. Nikapita posho mill, mashine ya kusaga mahindi. Nikapita duka la dawa za mifugo. Nilipofika kwenye ngazi za kanisa letu, mwisho wa soko, bado waya ulikuwa ukija.

Nilisimama pale ngazini nikatazama nyuma. Duka la baba lilikuwa mbali, mlango wake mdogo kama kiberiti. Mtu aliyetengeneza redio ile alikuwa ameuzungusha waya wote huu, mzunguko juu ya mzunguko, ndani ya kitu cha kujaa ngumi, na redio ilikuwa imewekwa kwenye kabati la mtu fulani hapa milimani ikisoma taarifa ya habari kwa miaka, na hakuna aliyejua kwamba barabara nzima ya soko ilikuwa imelala ndani yake. Nilijisikia vile nilivyojisikia nilipokuwa mtoto na kuambiwa kwa mara ya kwanza kwamba nyota ziko mbali. Mama yule alikuja akasimama kando yangu.

"Subhanallah," akasema. Na mimi, Mprotestanti wa kuzaliwa, nikaitikia amina.

Siku ya tatu stoo ilikuwa imebaki vumbi na misumari. Baba alimaliza chai yake. Kisha akainuka akaenda nyumbani, ambako si mbali, akarudi amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa blanketi la kijivu. Alikiweka mezani kama mtu anayelaza mtoto.

"Kuna moja sikuwaonyesha," akasema.

Ilikuwa redio ya mbao, ya zamani kuliko mimi, yenye kitambaa cha dhahabu mbele na vifungo vya rangi ya maziwa. Alisema mwalimu mmoja mzee alimwachia alipohama, na kwamba baadaye mtu wa mjini alimwambia kwa hakika kwamba aina hiyo ndiyo yenye zebaki nyekundu. Baba hakumwamini. Lakini pia hakumkataa. Aliitia chini ya kitanda akangoja.

"Sijawahi kuifungua," akasema. "Niliogopa itatoroka."

Ndipo nilipoelewa kwa nini nyumbani kwetu, kwa miaka karibu kumi kabla mama yangu hajafariki, hatukupikia kitunguu saumu. Baba alikuwa akisema kinamletea kiungulia. Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Fundi huyu aliyekuwa akiwafukuza wenye punje za vitunguu dukani alikuwa ameilalia ndoto yao usiku baada ya usiku.

"Fungua wewe, mwaitu," akamwambia. Mwaitu kwa Kikamba ni mama. Ilikuwa mara ya kwanza amwite hivyo.

Alifungua skrubu nne, akaondoa ubao wa nyuma. Utando wa buibui, vumbi kama unga, na safu ya vyupa vidogo vya kioo vilivyosimama wima, zile valvu za redio za kale. Alivitazama kimoja kimoja kwa lenzi. Hakuharakisha. Nadhani alijua jibu tangu mwanzo, lakini alimheshimu baba kwa kutafuta kweli.

"Mzee," akasema mwishowe, "zebaki naijua. Iko kwa zile taa ndefu nyeupe, na kwa kipimo cha homa cha zamani. Inang'aa kama fedha na ni sumu mbaya. Nyekundu sijawahi kuona. Hapa haiko. Na hata kwa zile zingine elfu nimechuna haikuwa."

Baba alitikisa kichwa kwa utaratibu. Alinyoosha mkono ndani ya redio, nikadhani anataka kuhakikisha mwenyewe. Lakini vidole vyake vilipita juu ya vile vyupa, vikavigusa vichwa, vikashuka shingoni, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Hizi ziko nzima," akasema. "Zote. Niletee balbu."

Alimaanisha balbu ya zamani yenye waya ndani. Niliipata kwa jirani. Baba alinielekeza jinsi ya kuiunga njiani kati ya redio na umeme, ili kama kuna shoti balbu iwake na redio isiungue. Mikono yangu ilifanya, ya kwake ikanifuata nyuma ikikagua. Kisha akasema tufunge mlango, jua lilikuwa likituumiza macho.

Aliwasha. Balbu ikawaka kwa nguvu, nikarudi nyuma. Kisha ikafifia, ikabaki nyekundu hafifu. Kwa muda hakukuwa na kitu kingine. Halafu, ndani kabisa ya vyupa vile, nyuzi zikaanza kuwa na rangi. Kwanza kama kaa la jana. Kisha rangi ya chungwa. Joto lilitoka, na harufu ya vumbi linaloamka. Spika ikavuma, mvumo mzito wa chini, na ndani yake mchakacho kama mvua juu ya mabati ya mbali. Hakuna kituo kilichozungumza. Lakini juu, mbele, nyuma ya kijidirisha ambacho sikuwa nimekiona, jicho la kijani lilifunguka.

Ndivyo lilivyo, jicho. Kivuli chembamba katikati ya mwanga wa kijani, kikipanuka na kusinyaa baba alipozungusha kifungo. Alisema lilikuwa la kumwonyesha msikilizaji kama ameshika kituo vizuri. Yeye mwenyewe hakuliona sawasawa. Aliinamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa.

"Ni kijani?" akaniuliza.

"Ni kijani, Baba."

Mama alikuwa ameegemea ukuta, glavu ameziacha chini. Mwanga wa vyupa ulikuwa umemfika usoni na nikaona anatokwa na machozi bila kujificha.

"Mimi huwa naziona zikiwa maiti," akasema. "Miaka yote nachuna maiti. Sikujua zinakuwa hivi."

Tulibaki pale gizani mchana ule, wazee wawili na mimi, tukitazama kitu kinachopumua.

Tulipofungua mlango, baba alimwambia mama aichukue redio hiyo pamoja na zingine. Alikataa. Alisema yake ni zile zilizokufa, na kwamba kuvunja kilicho hai ili kupata shaba si kusafisha ulimwengu, hata kama watu watapiga makofi. Aliifunga tu tena kwa blanketi akaniwekea mikononi. Redio iko mezani kwa baba sasa.

Pikapu ilishuka mlima ikiwa imeinama nyuma, vioo vya televisheni vimefungwa mablanketi kama wagonjwa. Mwenye nyumba aliweka mahindi yake. Shule ilipofunguliwa nilifuta ule mchoro wenye mishale, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba nilikuwa nimewafundisha makosa, na nikawaomba wawaambie kaka na dada zao niliowafundisha kabla yao. Walitazamana. Nadhani hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Mpishi, aliyepita dirishani, alisema kwa sauti, "Na shuka?" Nikamletea wiki hiyo hiyo.

Baba hakukaa bure. Mwenye nyumba alimwachia kibaraza, naye hukaa hapo na maboksi mawili. Watu humletea vitu vilivyokufa, wengine kutoka mbali kama Kalamba, na yeye huvigusa, huvitikisa karibu na sikio, huvinusa, kisha huamua ni boksi gani. Vingi vinavyoletwa kama maiti huondoka vikiwa hai. Vilivyobaki hungoja pikapu kutoka Kitui, ambayo hupanda kila baada ya miezi michache.

Katikati ya safari hizo wao wawili hupigiana simu. Jumamosi iliyopita nilikuwa uani kwa mama nilipomkuta amelaza simu kwenye kigoda, spika imefunguliwa, kipande cha mashine ya kutoa nakala mkononi. Ni kipande chenye umbo la bomba, cha kijani kinachoelekea bluu, laini kama ngozi ya mjusi. Alikuwa akimweleza baba rangi yake, uzito wake, jinsi kinavyopokea mwanga. Baba alikuwa akisema hajawahi kufungua mashine ya aina hiyo, na alitaka kujua kama kina meno pembeni. Kina meno, mama akasema. Basi kinazunguka, baba akasema, lakini kinazunguka kwa nini? Walibishana karibu saa nzima. Niliambiwa niketi, nikaketi, na sikuwa na la kuwaambia hata mmoja wao.